Kimea, Togwa na Eli: Historia ya Bia ya Nyumbani na Mafunzo Yake kwa Istilahi za Kiswahili

Mfasiri wa Kiswahili anapokabidhiwa maandishi yahusuyo sheria au siasa, aghalabu hukuta njia imekwisha kulimwa na waliomtangulia. Si hivyo anapokabidhiwa maelezo ya kazi ya jikoni kutoka nchi ya mbali. Tuchukue mfano wa maelezo ya namna watu wa Marekani na Uingereza wanavyotengeneza nyumbani bia ya rangi ya dhahabu, kwa kutumia kimea kidogo cha shayiri pamoja na kimea kilichokwisha kupikwa kiwandani na kutiwa koponi. Maelezo hayo huenda yasizidi ukurasa mmoja, walakini ndani yake mna maneno mengi ambayo ama hayana neno la Kiswahili lililozoeleka, ama hutajwa kwa neno moja lifanyalo kazi ya mawili. Mwalimu wa sayansi kimu, ofisa wa forodha mwenye orodha ya bidhaa mkononi, na karani anayeandika masharti ya leseni, wote yamkini watakutana na maneno hayo hayo.

Katika makala haya tunakusudia kusimulia kwa ufupi historia ya bia hiyo ya nyumbani, kisha kuonyesha jambo moja litokanalo na historia hiyo. Jambo lenyewe ni kwamba istilahi za kazi hii hazikushuka kutoka vitabuni, bali zilipata maana kwa mikono ya wapishi, kwa kodi za serikali, kwa biashara na kwa sayansi; na kwamba sehemu kubwa ya istilahi tunazozihitaji imekwisha kuhifadhiwa, kwa Kiswahili, na wanawake wapikao togwa na pombe. Hatukusudii kumshawishi mtu yeyote anywe. Mwenye kukataza kitu na mwenye kukiruhusu, wote wawili wanahitaji kukijua kwa jina lake.

Jina Lilivyobadilika Katika Uingereza

Tuanze na jina la aina yenyewe. Waingereza wana maneno mawili kwa kinywaji cha shayiri: "ale", ambalo hapa tutaliandika eli, na "beer", ambalo ndilo bia yetu. Leo mtu akiuliza tofauti yake ataambiwa kwamba bia ni jina la jumla, na kwamba eli ni tawi lake moja. Lakini haikuwa hivyo tangu awali. Kabla ya karne ya 15 kinywaji cha kawaida cha Waingereza kilikuwa eli, nayo ilipikwa kwa kimea, maji na chachu, pengine kwa kutiwa majani ya harufu, lakini bila hopi. Hopi ni ua la mmea utambaao, lenye uchungu na harufu, nalo huzuia kinywaji kisiharibike upesi. Wafanyabiashara kutoka Uholanzi na Flanders ndio walioeneza Uingereza kinywaji kilichotiwa hopi, na hicho ndicho kilichoitwa bia. Kwa muda mrefu, basi, tofauti ya eli na bia ilikuwa hopi: hii haina, ile inayo.

Baadaye hopi zikaingia katika vinywaji vyote viwili, na tofauti ile ikafa. Neno eli halikufa pamoja nayo. Lilipewa kazi nyingine. Katika karne ya 19 wataalamu walipochunguza hamira kwa hadubini, walibaini kwamba ziko hamira zipendazo joto la wastani, ambazo hupanda juu ya chombo zikichachusha, na ziko nyingine zifanyazo kazi polepole katika baridi na kutua chini. Kinywaji cha hamira za kwanza kikaitwa eli. Kile cha hamira za pili kikaitwa laga, neno la Kijerumani lenye maana ya kuweka ghalani, kwa kuwa kinywaji hicho hulazwa baridini kwa majuma mengi.

Hapa pana funzo la kwanza. Neno moja limedumu kwa karne nyingi ilhali maana yake imehama kutoka katika kiungo hadi katika hamira. Mfasiri asomaye maandishi ya mwaka 1450 na yule asomaye maandishi ya mwaka 1980 hawasomi kitu kimoja, ingawa neno ni lile lile.

Hata hamira yenyewe ilichelewa kupata nafasi katika maandishi. Amri mashuhuri ya Bavaria ya mwaka 1516 ilisema kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopi na maji tu; hamira haikutajwa. Wapishi waliijua kazi yake, maana waliteka povu au masimbi ya pombe ya jana ili kuanzishia ya leo, lakini haikuhesabiwa kuwa kiungo. Louis Pasteur alipotoa kitabu chake juu ya bia mwaka 1876 ndipo ilipofahamika kwa wengi kuwa uchachukaji ni kazi ya viumbe hai, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kuotesha hamira safi ya aina moja kwa matumizi ya kiwanda.

Kodi, Marufuku na Kopo la Kimea

Upishi wa bia ulikuwa kazi ya nyumbani kabla haujawa kazi ya kiwanda, na katika Uingereza ya zamani ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wanawake. Kilichowatenga watu wa nyumbani si viwanda peke yake, bali pia serikali iliyotafuta mapato. Tangu mwaka 1697 kimea kilitozwa kodi. Mwaka 1880 Waziri Mkuu Gladstone, aliyekuwa pia Waziri wa Fedha, aliifuta kodi hiyo na badala yake akaitoza bia yenyewe. Lakini ili kodi ya bia isikwepwe, mpishi wa nyumbani naye alitakiwa awe na leseni. Sharti hilo lilidumu hadi mwaka 1963, ambapo Waziri wa Fedha Reginald Maudling aliliondoa.

Marekani ilipita njia nyingine. Rekebisho la 18 la Katiba lilithibitishwa mwezi Januari 1919, na kuanzia Januari 1920 utengenezaji na uuzaji wa vileo ulipigwa marufuku nchi nzima. Viwanda vya bia vikawa na mitambo lakini havina bidhaa. Baadhi yao, kikiwamo Anheuser-Busch, viligeukia kuuza rojo tamu ya kimea ndani ya makopo. Rojo hiyo hupatikana kwa kuchuja maji matamu ya kimea na kuyachemsha hadi yawe mazito kama asali. Iliuzwa kwa jina la kiungo cha kuokea mikate; lakini ilikuwa siri ya wazi kwamba wanunuzi wengi waliizimua kwa maji, wakaitia hamira, wakangoja. Hivyo sheria iliyokusudia kuiua bia ndiyo iliyoipa bia ya nyumbani kiungo chake kipya.

Marufuku yaliondolewa mwezi Desemba 1933 kwa Rekebisho la 21. Mtu aliruhusiwa kutengeneza divai nyumbani kwake bila kodi, lakini bia haikupewa ruhusa hiyo. Ilipita miaka mingi kabla Rais Jimmy Carter hajatia sahihi, mwezi Oktoba 1978, sheria ya kuruhusu bia ya matumizi ya nyumbani bila kodi: galoni 100 kwa mwaka, yaani kama lita 379, kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, na galoni 200 kwa nyumba yenye wawili au zaidi. Sheria hiyo ilianza kutumika mwezi Februari 1979. Hata hivyo kila jimbo lilibaki na sheria zake, na majimbo mawili ya mwisho, Mississippi na Alabama, hayakutoa ruhusa hadi mwaka 2013.

Mwaka huo huo wa 1978 ulianzishwa mjini Boulder, katika jimbo la Colorado, Umoja wa Watengenezaji Bia wa Nyumbani wa Marekani, na mwaka 1984 Charlie Papazian, mmoja wa waanzilishi wake, alitoa kitabu cha mafunzo kilichosomwa na wengi. Njia iliyokuwa rahisi kwa anayeanza ilikuwa ile ya kopo. Walakini kopo lina kasoro: aliyelitengeneza kiwandani amekwisha kumchagulia mpishi ladha. Aliyetaka ladha ya nafaka mbichi, na hana sufuria kubwa ya kupikia kilo nyingi za kimea, alishika njia ya kati: sehemu ya utamu aipate mwenyewe kutoka katika nafaka, na sehemu iliyobaki aitoe koponi. Njia hiyo ndiyo iliyotuletea tatizo letu la istilahi.

Kazi Yenyewe

Ili tusibishane juu ya majina ya vitu tusivyovijua, yafaa tuieleze kazi hatua kwa hatua. Bia tuliyoichagua ni ile ambayo Wamarekani wameipa jina la Kifaransa lenye maana ya nywele za rangi ya dhahabu. Ni eli nyepesi, isiyo na uchungu mwingi, na nguvu yake kwa kawaida ni kati ya asilimia 3.8 na 5.5 ya kileo.

Kwa lita 20 mpishi huchukua kimea cha shayiri kisichokaangwa sana, kiasi cha kilo 1.5, akakivunjavunja bila kukisaga kuwa unga laini. Hukitia katika lita 4 au 5 za maji ya moto ili mchanganyiko utulie kwenye joto la nyuzi 66 hivi za Sentigredi, akaufunika na kuuacha kwa muda wa saa moja. Katika muda huo vimeng'enya vilivyozaliwa ndani ya nafaka ilipochipua hukatakata wanga na kuugeuza sukari. Wanasayansi wa Kifaransa Payen na Persoz walikitenga kimeng'enya cha namna hiyo kutoka katika kimea mwaka 1833. Joto likizidi sana, vimeng'enya huharibika. Likipungua sana, kazi huzorota.

Baada ya saa moja mpishi huchuja. Makapi hubaki, na maji matamu huingia sufuriani. Hapo ndipo huongeza rojo ya kopo, kiasi cha kilo 1.8, na maji ya kutosha. Huchemsha kwa saa moja pamoja na hopi zisizo kali, kama gramu 30, kisha hupoza haraka hadi nyuzi 20 hivi na kutia hamira. Kwa vipimo hivi, maji hayo matamu yatakuwa na uzito wa karibu 1.043 yakilinganishwa na maji matupu, ambayo huhesabiwa 1.000. Baada ya majuma mawili uzito hushuka hadi karibu 1.010, kwa sababu sukari imegeuka kileo na hewa. Bia hutiwa katika chupa pamoja na sukari kidogo ili ipate povu.

Majina Tuliyo Nayo na Tusiyo Nayo

Sasa turudi nyumbani. Msomaji aliyekulia katika nyumba ipikwayo togwa ameitambua kazi hii kabla hatujaimaliza. Mpishi wa togwa huroweka ulezi, huufunika hadi uchipue, huuanika na kuusaga. Hupika uji, huuacha upoe hadi uwe vuguvugu, ndipo hutia kimea, na uji mzito huwa mwepesi na mtamu. Hana kipimajoto, walakini anajua kwamba kimea kikitiwa katika uji unaotokota hakitafanya kazi. Ujuzi ni ule ule uliopatikana Paris mwaka 1833, ila umetunzwa kwa njia nyingine.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, nafaka iliyochipuzwa na kukaushwa iitwe kimea, iwe ya ulezi, mtama, mahindi au shayiri. Wako wapendao kuandika "malti" pale kitu kinapotoka kiwandani, na kuliacha neno kimea kwa mambo ya kijijini. Tunaipinga desturi hiyo. Kitu ni kimoja, na kukipa majina mawili kwa kufuata hadhi ya mwenye nacho ni kurudia mgawanyiko tulioukuta kati ya bia na pombe. Kiwanda cha Kenya Breweries kilipoanzishwa mwaka 1922, kinywaji chake kiliitwa bia, na kile cha wenyeji kilibaki pombe. Na katika Kenya ya kikoloni Waafrika walizuiwa kununua bia ya chupa hadi katika miaka ya 1940. Neno lilifuata sheria, nayo sheria ilifuata rangi. Istilahi zetu hazina sababu ya kuendeleza urithi huo.

Pili, maji matamu yaliyochujwa na ambayo bado hayajachachuka yaitwe togwa, na kwa ufafanuzi, togwa ya shayiri. Yupo atakayesema kwamba togwa ni kinywaji kamili, tena kizito, ilhali haya ni maji ya kupita tu kuelekea kwenye bia. Pingamizi hilo lina uzito, lakini sifa iliyo ya msingi ni moja: utamu wa kimea kabla ya kileo. Lililo zito na lililo jepesi vitatofautishwa kwa kivumishi.

Tatu, makapi yabakiayo baada ya kuchuja yaitwe machicha. Wafugaji walishwao habari na mabwana mifugo wanayajua machicha ya bia kuwa chakula cha ng'ombe, na hatuna haja ya kutafuta zaidi.

Nne, hatua ya kufunika kimea katika maji ya moto hadi kitamuke. Hapa kuroweka hakutoshi, maana neno hilo tumekwisha kulitumia kwa kuroweka nafaka ili ichipue. Mkorogo nao haufai; neno hilo limetekwa na dawa za kuchubua ngozi. Tunapendekeza kuvundika, na jina lake mvundiko. Ndizi mbichi huvundikwa, yaani hufunikwa katika joto, hadi wanga wake ugeuke sukari. Na hayo ndiyo yatokeayo katika kimea. Atakayehofia kwamba neno liko karibu na kuvunda tutamjibu kwamba wapishi wa mbege hulitumia kila siku kwa ndizi zao bila kuchanganyikiwa. Njia ya kati tuliyoieleza itakuwa, basi, mvundiko wa sehemu.

Tano, rojo ya kopo. Tunapendekeza asali ya kimea, kama vile Kiswahili kilivyokwisha kusema asali ya miwa kwa maji ya miwa yaliyochemshwa hadi yakawa mazito. Ile iliyokaushwa ikawa chembechembe iitwe asali kavu ya kimea, wala isiitwe kamwe unga wa kimea. Unga wa kimea ni nafaka iliyosagwa, ambayo wanga wake bado haujageuka. Atakayefuata tafsiri iliyokosea na kuuchemsha unga huo moja kwa moja, akidhani ni asali kavu, atapata uji, hatapata bia. Hasara hiyo haiishii jikoni. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha, ulioanza kutumika mwaka 1988, kimea kimo katika namba 11.07 na asali ya kimea katika namba 19.01. Mwenye kuandika neno moja kwa vitu viwili humpeleka mwagizaji kwenye ushuru usio wake. Wala asali hiyo si kitu kigeni kwetu: wanywao Ovaltine na Milo wamekuwa wakiinywa miaka yote.

Sita, hamira na chachu. Hamira, neno lenye asili ya Kiarabu, libaki kwa kiumbe chenyewe. Na kwa kuwa wengi huifikiria hamira ya mikate, iandikwe hamira ya bia. Chachu, litokanalo na kuchacha, libaki kwa kile kianzishio kitolewacho katika upishi uliotangulia, kama Biblia ya Kiswahili ilivyolizoeza kwa kinyunga.

Mwisho, hopi. Hapa tunakopa bila haya. Wachaga hutia magome ya msesewe katika mbege ili kuipa uchungu, na kazi hiyo inafanana na ya hopi. Lakini msesewe ni mti na hopi ni mmea mwingine kabisa. Kuliazima jina lake kungewaharibia wataalamu wa mimea kazi yao. Eli na laga tunazikopa kwa sababu hiyo hiyo, na bia tuliyoanza nayo iitwe eli ya dhahabu.

Hitimisho

Kanuni tuliyoifuata ni nyepesi kuikumbuka: pale kitu kilipo chetu tutumie jina letu, hata kama kimerudi kwetu kikiwa koponi, pale kitu kilipo kigeni tukope jina lake, tulivike sauti za Kiswahili, tuendelee na safari. Historia ya Waingereza inatuonyesha kwamba neno la kazi huishi likiwa mikononi mwa watenda kazi. Eli iliponea mabadiliko mawili makubwa ya maana kwa sababu wapishi hawakuacha kuitaja.

Kwa hiyo tunawaomba watafsiri, walimu na watumishi wa serikali wanaopambana na istilahi za namna hii wasianzie kamusini peke yake. Wamwendee mpishi wa togwa, wa mbege au wa busaa, wamwulize anaitaje hatua hii na ile, na jibu lake waliandike pamoja na jina la mahali alipo. Kuvundika huenda kukashindwa na neno lililo bora zaidi kutoka Rombo, Songea au Kakamega. Likipatikana, tutalipokea kwa furaha.